Barua za Wasomaji: Mbegu Zinaogelea Vizuri Tu, Mbona Haziingii?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za mambo ya mbegu za kiume, nikaona bora nizijibu pamoja manake jibu la mmoja linamfaa na mwenzake. Nimechukua nne, majina nimeficha kama mlivyoomba.

Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tuna mwaka wa sita kwenye ndoa, hatujabahatika mtoto. Mimi nimepimwa, mirija iko wazi na homoni ziko sawa. Yeye kapimwa mara tatu na kila cheti kinasema mbegu ni nyingi na zinaogelea vizuri. Mwaka jana tukauza kiwanja tukaenda Dar kufanya IVF, nikatolewa mayai tisa, wakayaweka na mbegu zake kwenye kisahani usiku kucha, asubuhi tunaambiwa hakuna hata moja lililorutubishwa. Mama mkwe anasema mayai yangu yameoza. Daktari anasema safari ijayo wadunge mbegu moja moja ndani ya yai. Mimi nauliza, mbegu inayoogelea vizuri inashindwaje kuingia kwenye yai ambalo liko palepale pembeni yake? – Dada wa Mwanza

Marahaba mwanangu, na pole sana, najua mlichouza na najua maneno unayosikia ndani ya nyumba. Naanza na hilo la mama mkwe: hakuna kitu kwenye hadithi yako kinachoonyesha kwamba mayai yako yameoza. Hakuna. Na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, watu wamelikimbiza miaka zaidi ya sabini.

Tuanze na kile cheti. Kipimo cha kawaida cha mbegu kinaangalia vitu vichache tu, ujazo wa shahawa, idadi ya mbegu kwenye kila mililita (kwa mwongozo wa WHO wa 2021 chini ya milioni 16 ndo inahesabika ni chache), zinatembea au hazitembei, na umbo lake. Basi. Hakuna mahali kwenye hicho kipimo panapoangalia ngozi ya mbegu, ule utando mwembamba wa mafuta unaoizunguka na protini zilizochomekwa humo, na kazi yote ya kulifikia yai na kuingia inafanywa na hizo protini. Kwenye harusi zetu za pwani bwana harusi anaweza kufika na msafara mzima na matarumbeta, lakini kama hana kifungua mlango mkononi anabaki nje. Cheti cha mumeo kimehesabu msafara. Mikono hakijaangalia.

Sasa hizo protini zinatoka wapi. Mbegu ni seli ya ajabu, imebana vinasaba vyake mpaka haiwezi tena kujitengenezea protini mpya kama seli nyingine, kwa hiyo alichovalishwa njiani ndo hichohicho anaenda nacho. Inatengenezwa kwenye korodani kwa muda wa kama siku 74 hivi, na ikitoka pale hata kuogelea haijui, inaingia kwenye epididimisi, bomba jembamba lililojikunja nyuma ya korodani ambalo ukilinyoosha linafika kama mita 6, inakaa humo siku kadhaa na huko vifuko vidogo sana vinaisogelea na kuibandika protini nyingine kwenye ngozi, nyingine zinakatwa, nyingine zinahamishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Halafu wakati wa kutoka inapakwa tena maji ya shahawa yenye protini zake, ambayo ni kama koti la safari. Na hapo bado haiwezi kurutubisha kitu!

Hili la mwisho ndo lililowatoa jasho watu wa zamani. Walikuwa wanachukua mbegu freshi wanaweka na yai kwenye chombo, hakuna kinachotokea, miaka na miaka. Mwaka 1951 watu wawili ambao hawakuwa pamoja, Min Chueh Chang kule Marekani akiwa na sungura zake na Colin Austin kule Australia, wakagundua kwamba mbegu lazima ikae kwanza masaa kadhaa ndani ya mwili wa jike ndo iwe na uwezo. Wakaliita kapasitesheni, yaani kupata uwezo. Bila ugunduzi huo hata yule mtoto wa kwanza wa IVF, Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, asingekuwepo.

Kinachotokea kwenye hayo masaa ni hivi. Koti la shahawa linavuliwa. Kuna protini inaitwa albumini kwenye maji ya njia ya uzazi, hiyo inanyonya lehemu, ile kolesteroli, kutoka kwenye ngozi ya mbegu, na lehemu ikipungua ngozi inalainika, protini zilizokuwa zimekwama zinaanza kuteleza na kujipanga upya kuelekea kichwani. Bikaboneti, aina ya chumvi iliyomo kwenye maji hayohayo, nayo inaingia ndani na kuwasha mitambo. Ndo maana maji ya kile kisahani cha maabara huwekwa albumini na bikaboneti, wanajaribu kuiga mwili wa mama.

Halafu kuna protini moja naomba uikumbuke jina, CatSper. Ni mlango wa kalsiamu uliopo kwenye mkia wa mbegu, na haupo kwenye moyo wala kwenye ubongo wala popote pengine. Ulitambuliwa mwaka 2001 na kundi la David Clapham kule Boston. Mlango huu ukifunguka kalsiamu inaingia na mkia unaacha ule mwendo wa taratibu wa kunyooka unaanza kupiga kwa nguvu kama mjeledi, na kwa binadamu mojawapo ya vitu vinavyoufungua ni projesteroni inayotoka kwenye zile seli zinazolizunguka yai, hilo lilijulikana 2011. Yani yai lenyewe linaita. Bila huo mpigo wa mjeledi mbegu haipenyi ganda la yai.

Na hapa ndo nilipotaka kukufikisha. Wapo wanaume ambao CatSper yao haifanyi kazi tangu kuzaliwa, kwa sababu kipande cha vinasaba hakipo. Wamechunguzwa, na kwenye cheti cha kawaida mbegu zao zinaweza kuonekana safi kabisa, idadi ipo na mwendo upo, kwa sababu mwendo wa kawaida hauhitaji mlango huo! Ila mimba ya kawaida haipatikani na ya kisahani haipatikani. Mbegu hiyohiyo ikidungwa ndani ya yai, mtoto anapatikana. Nikuulize kitu ambacho kinaweza kukushangaza, je mumeo anasikia vizuri? Manake kile kipande cha vinasaba kinachopotea mara nyingine kinaondoka na jirani yake anayehusika na masikio, kwa hiyo mtu anakuwa na usikivu hafifu tangu utotoni pamoja na ugumba. Kama ana shida hiyo mwambieni daktari, na kama hana bado haimaanishi kitu kingine hakiwezi kuwa kimekosekana.

Vitu vingine vipo. Kichwani mbegu ina kimeng'enya kinaitwa PH-20 kimekaa kwenye ngozi kama panga la kufyekea, kinapasua ule utelezi wa seli zinazolizunguka yai. Kisha kuna Izumo, hii ndo inayoshika yai lenyewe mwishoni kabisa. Mwaka 2005 Wajapani wa Osaka, kina Inoue na Okabe, walizalisha panya madume wasio na Izumo, na mbegu zao zilikuwa nzuri kwa macho, zikaogelea, zikapenya ganda la yai, zikafika kwenye ngozi ya yai zikabaki zimesimama pale nje zaidi ya moja kwenye yai moja, hazijui pa kuingilia. Wakazichukua mbegu hizohizo wakazidunga kwa sindano, panya wakazaliwa wazima. Nikisoma ile taarifa huwa nawafikiria watu kama nyinyi, wenye cheti kizuri na nyumba isiyo na mtoto.

Kwa hiyo daktari wako hakosei. Kudunga, ICSI wanaita, kulifanikiwa kwanza Brussels na mimba zake zikatangazwa 1992, na sindano ile inavuka vikwazo vyote nilivyokutajia, inavuka mjeledi, panga, ganda na ngozi.

Ila sitaki sasa na mumeo ageuziwe kibao kama ulivyogeuziwa wewe. Yai nalo lina protini zake, kuna moja inaitwa CD9 na panya majike wasiokuwa nayo mayai yao karibu yote hayaunganiki na mbegu hata iwe nzima vipi, na pia inawezekana mayai yalitolewa kabla hayajakomaa, hilo sio kuoza. Kabla hujalipa tena mtafute mtu wa maabara umuulize kwa upole: kati ya yale tisa mangapi yalikuwa yamekomaa? Mbegu zilionekana zimeshikamana na ganda au ganda lilikuwa tupu? Kuna mbegu zilizokutwa zimevuka ganda zikasimama ndani? Majibu matatu hayo yanaonyesha safari ilikatikia wapi. Na nenda naye mumeo, msikilize pamoja. Mama mkwe akiuliza mwambie Mwalimu kasema jambo hili lina watu wawili na vitu vidogo visivyoonekana kwa cheti, na hakuna wa kusutwa.

Habari Mwalimu. Mimi mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Meru, sio mbali na kituo cha uhimilishaji cha Usa River. Dume la jirani likipanda mara moja tu ng'ombe anashika, lakini mbegu ya mrija, ile iliyogandishwa ya kupandikizwa, nimerudia mara tatu na pesa inakwenda. Mhimilishaji ananilaumu nachelewa kupiga simu. Sasa mbegu inakaa miaka kwenye mtungi wa baridi haifi, iweje ishindwe kungoja masaa machache ndani ya ng'ombe? – Mfugaji, Arumeru

Salama ndugu yangu. Kwenye mtungi haifi kwa sababu pale kila kitu kimesimama, nyuzi joto 196 chini ya sifuri, hakuna saa inayotembea. Shida ni kuingia kwenye baridi na kutoka. Watu walihangaika mpaka 1949 ndo Polge, Smith na Parkes kule Uingereza wakaona gliserini inaiokoa mbegu isipasuke kwa barafu, na hata hivyo sehemu kubwa, kama nusu hivi, hufa. Zile zinazobaki hai ngozi yake haijabaki ileile. Kugandishwa na kuyeyushwa kunaitoa lehemu, kunazivuruga protini zake na kuiachia kalsiamu iingie kabla ya muda. Ukisoma jibu nililompa dada wa Mwanza hapo juu utaona ndo mambo yaleyale ambayo yalitakiwa yatokee taratibu ndani ya jike. Kwa hiyo mbegu ya mrija inaingia kwa ng'ombe wako ikiwa tayari nusu imeshaiva. Iliyoiva haingoji, ikikosa yai inakufa.

Ya dume ni tofauti. Kwanza ni mabilioni kwa mpando mmoja, wakati mrija una mbegu milioni kama 10 mpaka 20 tu. Pili, mbegu freshi ya ng'ombe ina protini zilizotoka kwenye tezi za dume, wataalamu wanaziita BSP, zinajipaka kwenye ngozi yake na kuisaidia ijinate kwenye ukuta wa mrija wa uzazi wa jike, inapumzika pale, yai likikaribia kushuka inaachia. Yani dume anaweka akiba, na akiba hiyo inavumilia makosa yako ya saa.

Jambo moja kuhusu hizo BSP limenifurahisha siku nyingi. Zikikaa na mbegu muda mrefu kwenye chombo zinaendelea kuinyonya lehemu mpaka inaharibika, sasa wazee wa zamani walikuwa wanachanganya mbegu na kiini cha yai la kuku na ikawa inadumu, hawakujua vizuri kwa nini, baadae ndo ikaeleweka kwamba mafuta ya kiini yanazishika zile protini yanazizuia zisiendelee kuichuna. Yai la kuku linalinda ngozi ya mbegu ya ng'ombe!

Kwa hiyo huyo mhimilishaji anasema kweli. Ng'ombe akionekana asubuhi amesimama anapandwa na wenzake, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi mapema. Yai linashuka masaa kama 10 mpaka 14 hivi baada ya joto kuisha, ukipiga simu siku ya pili mchana mrija umeupoteza. Ila na wewe muangalie huyo mhimilishaji. Mrija unatakiwa uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 mpaka 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto, utumike palepale, usipigwe jua wala usirudi kwenye baridi. Akiuyeyusha kwa kuubana kwapani au kwenye maji ya kubahatisha, ngozi ile iliyokwishachoka ndo anaimaliza, na hapo lawama sio za simu yako.

Shikamoo Mwalimu, niko kidato cha sita PCB. Kitabu chetu kinasema akrosomu, kile kifuko cha vimeng'enya kichwani mwa mbegu, inafunguka mbegu ikigusa zona pelusida, yaani ganda la yai. Mwalimu wetu wa mazoezi anasema siku hizi sio hivyo. Niandike nini? Na ni protini gani hasa inayoshika yai, kila notisi ina jina lake. – Mwanafunzi, Tanga

Marahaba kijana. Kwenye mtihani andika ya kitabu, kichwani weka ya mwalimu wako wa mazoezi, manake yuko sahihi angalau kwa panya. Mwaka 2011 kuna watafiti walitumia panya ambao akrosomu za mbegu zao zinang'aa kijani, ikifunguka kijani kinapotea, wakarekodi video na kuifuatilia mbegu iliyofanikiwa kurutubisha. Wakakuta nyingi kati ya zilizofanikiwa zilikuwa zimeshaanza kufungua akrosomu zikiwa bado kwenye zile seli za nje, hata ganda hazijaligusa.

Na kufunguka kwa akrosomu sio kumwaga vimeng'enya peke yake kama mnavyokaririshwa. Izumo imefichwa ndani kwenye utando wa akrosomu. Kabla haijafunguka ukiipaka mbegu rangi ya kuitafuta Izumo kwa nje huioni, ikifunguka ndo inatokeza na kusambaa kichwani. Ndo maana mbegu yenye akrosomu nzima hata ikiletwa uso kwa uso na ngozi ya yai haiungani nayo.

Kuhusu majina mengi, una haki ya kuchanganyikiwa. Miaka ya 1990 watu walikuwa wanaamini ni protini iitwayo fetilini, ikaonekana inaeleweka, kisha wakazalisha panya wasio nayo na ikagundulika shida yao kubwa ilianzia mbali, mbegu zao zinashindwa hata kupanda kuingia kwenye mrija wa uzazi. Protini kadhaa zilizosifiwa sana zilianguka hivohivo, unaiondoa kabisa na panya anazaa kama kawaida. Izumo ndo ilisimama. Jina lake ni la hekalu la Izumo kule Japani ambako watu wanakwenda kuombea ndoa. Mwenzake upande wa yai alipatikana 2014 na Enrica Bianchi na Gavin Wright wa taasisi ya Sanger Uingereza, wakaiita Juno, mungu wa kike wa ndoa wa Warumi wa kale. Kabla ya hapo Juno ilikuwa imeandikwa vitabuni kama kipokezi cha foleti, ile vitamini, na kumbe foleti yenyewe wala haiishiki.

Kizuri zaidi, mbegu moja ikishaingia yai linaitupa Juno yote kutoka kwenye ngozi yake, ndani ya kama dakika 40 hivi haipo tena, mbegu ya pili ikija haina cha kushika. Na ile Izumo ya binadamu inashikana na Juno ya hamsta, mnyama mdogo jamii ya panya! Mtafiti Yanagimachi alionyesha tangu 1976 kwamba yai la hamsta likivuliwa ganda linaingiwa na mbegu ya binadamu, na hospitali zilikuwa zinalitumia hilo kupima wanaume, ila sababu yenyewe ilisubiri karibu miaka 40. Usiandike kwamba Izumo inafanya kazi peke yake lakini. Kuna protini za SPACA6 na TMEM81 ambazo mwaka 2024 zilionyeshwa zinakaa nayo kama kundi la watatu, na TMEM95, na nyingine zaidi, ukiondoa SPACA6 panya dume anakuwa mgumba vilevile. Jinsi ngozi mbili zinavyoyeyukiana kuwa moja baada ya kushikana bado kuna watu wanalifanyia kazi, na ukienda chuo labda utakuwa mmoja wao.

Hujambo Mwalimu. Kama hizo protini ziko kwa mbegu pekee yake, mbona wasitengeneze tembe ya wanaume ya kuzifunga? Bibi yangu wa ndoa amechoka na sindano za kupanga uzazi. Na kuna jamaa anauza poda mtandaoni eti inaimarisha ngozi ya mbegu, ni kweli? – Msomaji, Nairobi

Sijambo ndugu. Wanajaribu, na sababu ni hiyohiyo uliyoitaja, CatSper haipo kwenye moyo kwa hiyo ukiifunga moyo hauguswi. Kuna dawa nyingine iliyoandikwa 2023 ambayo haifungi ngozi, inazima ule mtambo wa ndani unaowashwa na bikaboneti, panya dume akipewa dozi moja mbegu zinasimama kwa masaa mawili na nusu hivi na kesho yake amerudi kawaida. Ni panya lakini. Dukani hakuna.

Hiyo poda usinunue. Ngozi ya mbegu ina mafuta laini mengi ambayo yanaharibika upesi, kwa hiyo vinavyoiumiza ni sigara na joto la kupita kiasi, na hivyo unaviacha bila kumlipa mtu. Ukiacha leo subiri kama miezi mitatu ndo mbegu mpya zianze kutoka, manake nilishasema kutengenezwa kwake ni siku 74 na bado kuna epididimisi. Na kama bibi amechoka na sindano, kwa upande wako kwa sasa kuna kondomu, na kama mmemaliza kuzaa kuna kufunga mirija ya mwanaume, operesheni ndogo ya ganzi unatembea mwenyewe kurudi nyumbani. Mwambie bibi umeuliza, atafurahi.